Kwa Nini Jedwali Halibadilishwi Kama Faili: Udhibiti wa Matoleo ya Msimbo wa Hifadhidata Katika Timu

Mtu yeyote aliyetunza mfumo wa mishahara hapa Nairobi anaikumbuka miaka ya 2023 na 2024 kwa uchovu wake. Julai 2023 yaliingia makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara ghafi; mwishoni mwa Januari 2024 yakasimama, baada ya Mahakama ya Rufaa kukataa yaendelee kutozwa wakati rufaa ikisubiri kusikilizwa; Machi 2024 yakarejea kwa sheria mpya. Oktoba mwaka huohuo NHIF, bima ya afya ya taifa iliyokuwa ikikata kati ya shilingi 150 na 1,700 kwa kufuata ngazi za mshahara, iliipisha SHIF, bima mpya inayokata asilimia 2.75 na isiyoshuka chini ya shilingi 300. Tarehe 27 Desemba, kabla mwaka haujaisha, sheria nyingine ikaelekeza kwamba makato ya nyumba na ya SHIF yaondolewe kwenye mshahara kwanza, ndipo kodi ikokotolewe. Nayo NSSF, mfuko wa pensheni, ilipandisha viwango vyake Februari 2023, ikavipandisha tena Februari 2024, na tena Februari 2025.

Katika mifumo mingi, hesabu hizi hazikai kwenye programu anayoiona mhasibu anapobofya kitufe. Zimo ndani ya hifadhidata yenyewe, zimeandikwa kwa lugha ya SQL kama funksheni inayopokea mshahara wa mfanyakazi na mwezi wa malipo, kisha ikarudisha kiasi cha kukatwa. Kwa hiyo mkaguzi anapouliza makato ya Februari 2024 yalikokotolewa kwa msimbo upi, nani aliuandika na nani aliuidhinisha, swali lake ni la udhibiti wa matoleo kabla halijawa la uhasibu. Timu iliyoweka msimbo wa programu kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya kila badiliko la mafaili, lakini ikauacha msimbo wa hifadhidata uishi kwenye seva peke yake haina jibu la kumpa.

Niliwahi kuwa katika timu ya namna hiyo, katika ofisi moja iliyoko Westlands. Makato ya nyumba yaliposimamishwa, mwenzangu aliingia jioni kwenye seva hai, yaani ile inayohudumia wateja, akarekebisha funksheni moja kwa moja kwa sababu mishahara ilikuwa inatoka kesho yake asubuhi. Alifanya sawa, na mishahara ikatoka sawa. Wiki chache baadaye nilipewa kazi ya kuongeza viwango vipya vya NSSF katika funksheni ileile. Nilianza na faili lililokuwa kwenye folda yetu ya pamoja, nikaongeza mistari yangu, nikalijaribu kwenye kompyuta yangu, nikalipeleka kwenye seva. Faili hilo halikuwa na rekebisho la mwenzangu. Mshahara wa Februari ukatoka na makato ambayo mahakama ilikuwa imeyasimamisha, na tulijua hivyo kutoka kwa wafanyakazi wenyewe waliopiga simu kuuliza.

Hakuna kati yetu aliyefanya uzembe kwa kipimo cha kazi tuliyokuwa tumezoea. Tatizo ni kwamba ukweli ulikuwa unakaa mahali pawili, kwenye folda na kwenye seva, na hapakuwa na kanuni iliyosema upi ni ukweli wenyewe. Udhibiti wa matoleo huanza pale timu inapokubaliana kwamba msimbo ulioko kwenye hazina ya pamoja, yaani ghala la mafaili la timu, ndio rasmi, na kwamba kilichoko kwenye seva ni nakala tu inayozalishwa kutokana nao.

Kwa programu za kawaida, jambo hili limeshazoeleka. Git, ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake. Huruhusu kila mtu afanye kazi katika tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni. Kisha huunganisha matawi hayo na kuonyesha pale ambapo watu wawili wamegusa mstari mmoja. Kwa kuwa SQL nayo ni maandishi, mtu anaweza kudhani kwamba kuhamishia mafaili ya SQL kwenye Git kunatosha. Hapo ndipo timu nyingi hukwama, kwa sababu hifadhidata ina kitu ambacho programu haina: ina mali ya watu ndani yake.

Toleo jipya la programu linapokuwa tayari, toleo la zamani hufutwa na jipya likawekwa mahali pake, na hakuna kinachopotea. Jedwali la wafanyakazi haliwezi kufutwa na kuundwa upya kwa sababu tu tunataka safuwima moja zaidi, maana ndani yake mna rekodi za miaka. Mchoro wa nyumba unaweza kuchanwa na kuchorwa upya; nyumba yenye wapangaji hurekebishwa chumba kimoja kimoja huku watu wakiendelea kuishi ndani. Git inajua kutunza mchoro. Hatua za kuirekebisha nyumba bila kuwatoa wapangaji, na mpangilio wa hatua hizo, haizijui kabisa, na timu ndiyo inayopaswa kuziandika.

Kutokana na tofauti hiyo, msimbo wa hifadhidata unagawanyika katika makundi mawili yanayohitaji kutunzwa kwa njia mbili. Mgawanyo huu ndio ninaoutilia mkazo kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu timu ikiuelewa, uchaguzi wa zana unakuwa jambo jepesi, na isipouelewa hakuna zana itakayoisaidia.

Kundi la kwanza ni la vitu visivyobeba data: funksheni, mionekano inayokusanya majedwali kadhaa yasomwe kama jedwali moja, na vichochezi vinavyofanya kazi rekodi inapoingizwa au kubadilishwa. Hivi vinaweza kubadilishwa kizima, toleo jipya likachukua nafasi ya la zamani, na hifadhidata nyingi zina amri ya CREATE OR REPLACE kwa kazi hiyo. Kila kimoja kiwe na faili lake, faili hilo libaki na jina lilelile daima, na mabadiliko yote yafanyiwe humohumo. Anayetaka kujua funksheni ya makato ilibadilika vipi tangu Julai 2023 hufungua historia ya faili moja akaona mstari baada ya mstari. Amri hiyo ina mipaka yake: mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, kwa mfano, haukubali itumike kubadilisha aina ya jibu ambalo funksheni hurudisha, na katika hali hiyo ni lazima funksheni ya zamani iondolewe kwanza kwa amri nyingine, pamoja na chochote kinachoitegemea.

Kundi la pili ni la majedwali na vyote vilivyoshikamana nayo: safuwima, masharti ya uhalali, faharasa zinazoharakisha utafutaji, na uhusiano kati ya jedwali na jedwali. Hapa hatuhifadhi picha ya mwisho peke yake, tunahifadhi hatua. Kila hatua huandikwa kwenye faili lake lenye namba, na wataalamu huiita migresheni. Ya kwanza inaunda jedwali la wafanyakazi, ya pili inaongeza safuwima ya tarehe ya kuajiriwa, ya tatu inaweka sharti kwamba namba ya kitambulisho isijirudie. Zana kama Flyway na Liquibase huyasoma mafaili hayo kwa mpangilio na kuyatekeleza, kisha huandika ndani ya hifadhidata yenyewe ni yapi yaliyokwisha kutekelezwa. Flyway huiweka kumbukumbu hiyo katika jedwali liitwalo flyway_schema_history, na Liquibase katika jedwali la DATABASECHANGELOG. Ukiifikia hifadhidata yoyote, iwe ya majaribio au ya wateja, jedwali hilo linakuambia imefika hatua gani na imebakiza zipi.

Kutokana na utaratibu huo kuna kanuni moja isiyo na msamaha: migresheni iliyokwisha kutekelezwa kwenye seva hai haihaririwi tena, hata kama ina kosa la tahajia katika jina la safuwima. Kosa husahihishwa kwa migresheni mpya. Zana zenyewe hulinda kanuni hii kwa kukokotoa namba ya uthibitisho kutokana na maandishi ya kila faili. Mtu akiligusa faili la zamani, namba hubadilika na zana hukataa kuendelea. Nimeona watu wakiizima kinga hiyo kwa sababu inawachelewesha. Nawasihi wasifanye hivyo, maana wakiizima, hifadhidata mbili zinazodai kuwa katika hatua moja zinaweza kuwa na maumbo tofauti, na tofauti hiyo hugunduliwa siku mbaya kuliko zote.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kulichukulia kundi la kwanza kama la pili. Timu hujifunza migresheni, huipenda, kisha kila kitu kinakuwa migresheni. Asilimia ya makato ikibadilika, mtu hunakili funksheni nzima yenye mistari 200 kwenye faili jipya, akabadilisha mstari mmoja, akaomba wenzake wakague. Mkaguzi anaona mistari 200 mipya isiyo na cha kulinganishwa nacho. Hawezi kujua ni upi uliobadilika, kwa hiyo anaidhinisha kwa imani. Flyway ina aina ya faili iliyokusudiwa kuzuia jambo hili: jina lake huanza na herufi R badala ya V, halina namba, na hutekelezwa upya kila maandishi yake yanapobadilika, baada ya migresheni zenye namba kumalizika. Funksheni na mionekano makao yake ni hapo.

Kuna swali jingine linalozaliwa hapa, na ingawa linatoka kidogo kwenye matoleo, sioni jinsi ya kuliruka: je, asilimia ya makato ilipaswa kuwa ndani ya msimbo tangu mwanzo? Kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo ulioandika namba 16 ndani ya funksheni ulilazimika kubadilishwa mara mbili, na baada ya badiliko la pili haukuweza tena kukokotoa upya ankara ya Agosti 2020 bila kukosea. Mfumo ulioweka viwango katika jedwali lenye safuwima za kuanzia lini hadi lini uliongezewa safumlalo mbili tu, na unajibu sawasawa hadi leo. Safumlalo hizo ni data, lakini ni data ya timu wala si ya mteja. Ziingizwe kwa migresheni, zikaguliwe, na zikae kwenye hazina pamoja na msimbo, kama ilivyo kwa orodha ya kaunti 47 au ya aina za likizo.

Watu zaidi ya mmoja

Anayefanya kazi peke yake anaweza kuyafuata haya yote bila shida. Ugumu huanza wawili wanapofanya kazi siku moja. Mmoja anaandika migresheni namba 12 katika tawi lake, mwingine anaandika namba 12 katika lake, na kwa kuwa mafaili yana majina tofauti, Git inayaunganisha bila kulalamika. Zana ndiyo inayokataa baadaye, ikikuta namba moja mara mbili. Dawa iliyozoeleka ni kutumia tarehe na saa kama namba, kwa mfano 202410011430, ili uwezekano wa kugongana uwe mdogo sana. Lakini hapo linazuka jambo lingine: migresheni ya jana iliyochelewa kuunganishwa inaweza kufika kwenye seva baada ya ile ya leo. Timu yenye nidhamu humtaka mwenye tawi lililochelewa aliwekee faili lake namba mpya kabla ya kuunganisha, kwa kuwa bado halijatekelezwa popote isipokuwa kwenye kompyuta yake.

Mgongano wa hatari zaidi ni ule usioonekana kabisa. Tuseme mmoja amebadilisha jina la safuwima katika jedwali la wafanyakazi, na mwingine, katika tawi jingine, ameandika mwonekano mpya unaoitaja safuwima hiyo kwa jina la zamani. Wamegusa mafaili mawili tofauti, kwa hiyo Git haioni mgongano wowote. Kila tawi likijaribiwa peke yake linafaulu, na yakiunganishwa hayafanyi kazi. Njia pekee ninayoiamini ya kuukamata mgongano huu ni kuijenga hifadhidata upya kutoka sifuri kila matawi yanapounganishwa, kwa kutekeleza mafaili yote kwa mpangilio kwenye seva tupu ya majaribio, kisha kuendesha majaribio ya hesabu zenyewe: mfanyakazi wa mshahara huu, mwezi huu, akatwe kiasi hiki. Kazi hiyo hufanywa na mashine bila mtu kukumbuka. Kwa sababu hiyohiyo kila mwandishi wa msimbo anahitaji hifadhidata yake mwenyewe kwenye kompyuta yake. Timu inayotumia hifadhidata moja ya majaribio kwa wote haina matawi kwa kweli, maana mabadiliko ya mmoja yanawaangukia wengine kabla hayajakaguliwa.

Hapo hushawishika watu kunakili hifadhidata ya wateja ili wapate data ya kujaribia, na wengine huiweka nakala hiyo kwenye hazina. Hili lisifanyike. Namba za vitambulisho, PIN za KRA (mamlaka ya kodi) na mishahara ya watu ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Git haisahau: faili lililofutwa leo bado limo katika historia, na kila aliyenakili hazina analo. Data ya majaribio iandikwe na timu yenyewe, iwe ya watu wasiokuwepo.

Kupeleka badiliko kwenye seva yenye watu

Badiliko dogo kwenye karatasi linaweza kuwa zito kwenye seva. Fikiria safuwima iitwayo namba_nhif ambayo sasa tunataka iitwe namba_sha, kwa jina la SHA, mamlaka inayosimamia SHIF. Kubadilisha jina ni amri ya mstari mmoja, lakini wakati amri hiyo inatekelezwa, programu ya zamani bado inaendelea kuuliza namba_nhif na itaanguka papo hapo. Kwa hiyo badiliko hugawanywa. Toleo la kwanza linaongeza safuwima mpya bila kuigusa ya zamani, na programu inaanza kuandika katika zote mbili. Kisha data ya zamani inanakiliwa kwa mafungu madogo. Toleo linalofuata linasoma kutoka safuwima mpya. Na baada ya wiki kadhaa, timu ikishahakikisha kwamba hakuna ripoti wala programu inayoitaja ya zamani, migresheni ya mwisho inaiondoa. Ni njia ndefu, na meneja anaweza kushangaa kwa nini badiliko la jina linachukua mwezi mzima. Aelezwe kwamba katika mwezi huo mzima hakuna dakika ambayo mfumo ulisimama.

Kufuli nazo zinahitaji kueleweka. Katika PostgreSQL, amri nyingi za kubadilisha umbo la jedwali hudai kufuli isiyoruhusu mwingine yeyote kusoma wala kuandika. Amri yenyewe huweza kumalizika kwa kufumba na kufumbua, lakini ikikuta ripoti ndefu inalisoma jedwali hilo, itasubiri, na maombi yote yanayokuja baada yake yatapanga foleni nyuma yake. Hivyo ndivyo badiliko la sekunde moja linavyoweza kuusimamisha mfumo mzima tarehe 28 ya mwezi. Migresheni iweke kikomo cha kusubiri kwa mpangilio wa lock_timeout, ikishindwa ijiondoe, ijaribiwe tena baadaye. Faharasa kwenye jedwali kubwa iundwe kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii uandishi, ingawa haikubali kutekelezwa ndani ya muamala, yaani kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja, na ikishindwa huacha faharasa isiyo halali inayopaswa kuondolewa kwa mkono.

Suala la muamala linatofautiana kati ya hifadhidata na hifadhidata. PostgreSQL huruhusu amri nyingi za kubadilisha majedwali zifungwe pamoja ndani ya muamala mmoja, ya tatu ikishindwa mbili za kwanza nazo zinabatilika. MySQL na Oracle hukamilisha muamala zenyewe kila zinapokutana na amri ya aina hiyo, kwa hiyo migresheni ya hatua tano iliyofeli katika ya tatu huiacha hifadhidata katikati ya safari. Anayetumia hizo mbili aandike hatua moja katika kila faili.

Na kurudi nyuma? Kwa programu, kurudi kwenye toleo la jana ni jambo la dakika chache. Kwa hifadhidata, zana nyingi huruhusu kuandika migresheni ya kinyume, na ni rahisi mtu kufarijika nayo kupita kiasi. Kinyume cha kuondoa safuwima ni kuiongeza tena, lakini itarudi ikiwa tupu. Yaliyokuwa ndani yake yamo tu kwenye nakala ya akiba, ikiwa ipo na imewahi kujaribiwa. Naamini ni afadhali timu ijizoeze kusahihisha kwa kwenda mbele, kwa migresheni mpya, na iyaache maondoleo yote yawe hatua ya mwisho kabisa.

Timu nyingi zinazosoma haya hazianzi na hifadhidata tupu, bali na iliyoishi miaka mingi bila historia. Mwanzo wake ni kutoa umbo lote la seva hai bila data, kazi ambayo pg_dump, zana ya PostgreSQL, hufanya kwa chaguo la --schema-only, kuliweka kwenye hazina kama hatua ya kwanza, na kuiambia zana kwamba kwenye seva hai hatua hiyo inahesabiwa kuwa imeshatekelezwa. Kisha funksheni na mionekano hutenganishwa, kila kimoja katika faili lake. Halafu, na hii ndiyo hatua inayopingwa zaidi, ruhusa ya kubadilisha umbo la seva hai huondolewa kwa watu wote na kuachiwa akaunti moja inayotumiwa na mashine ya kupeleka matoleo. Patakuwa na usiku wa dharura ambapo mtu lazima aingie kwa mkono. Basi kila alfajiri mashine ilinganishe umbo la seva na la hazina, na tofauti yoyote iwe kazi ya kwanza ya asubuhi hiyo.

Tulipofanya ulinganisho huo kwa mara ya kwanza, baada ya ile Februari, tulikuta kwenye seva hai funksheni kadhaa ambazo hazikuwa na faili popote. Mojawapo ilikuwa ikiitwa na kichochezi kila mfanyakazi alipobadilishiwa idara, na hakuna aliyekuwepo ofisini aliyejua iliandikwa lini wala kwa nini. Tuliiweka kwenye hazina kama ilivyo, bila kubadilisha herufi moja, na juu yake tukaandika tarehe tuliyoikuta.